Unga wa nyumba yenye mtoto asiyekula ngano

Swali: "Binti yetu wa miaka tisa amepimwa, ikaonekana ana seliaki, ugonjwa ambao ngano huumiza utumbo. Tumeambiwa asile ngano maisha yake yote. Mdogo wake wa miaka mitatu ana mzio wa karanga, na baba yao maziwa yanamsumbua tumbo. Nilinunua unga maalumu wa kutoka nje kwa bei ya kuumiza, mkate ukatoka kama tofali. Sasa nataka kuondoa ngano nyumba nzima na kuchanganya mwenyewe unga wa vitu vya sokoni. Nianzie wapi, na vipimo ni vipi? Pia binti huyu anaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza." Mama wa watoto watatu, Pasua, Moshi.

Jibu:

Dada yangu, pole sana, na hongera kwa kupata daktari aliyefika kwenye chanzo. Watoto wengi wenye tatizo hili huzungushwa miaka kwa dawa za minyoo, amiba na taifodi, huku tumbo limejaa gesi na uzito haupandi.

Naanza na jambo ambalo hukuliuliza. Usiondoe ngano nyumba nzima wiki hii. Seliaki hutembea katika ukoo: miongoni mwa wazazi na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, hufika karibu mmoja kati ya kumi anayekuwa nayo bila kujijua. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale mtu anapoendelea kula ngano. Ukiwaachisha leo ukaja kuwapima baada ya miezi sita, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Kwa hiyo wale watoto wawili wengine, baba yao na wewe mwenyewe mkapimwe kwanza, mkiwa bado mnakula chapati zenu kama kawaida. Hata tumbo la baba lina maana hapa. Utumbo ulioumizwa na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, hivyo mtu anaweza kulaumu maziwa miaka yote kumbe tatizo liko kwenye andazi la asubuhi. Inawezekana pia kuwa ni maziwa tu, kama ilivyo kwa watu wazima wengi wa kwetu. Kipimo ndicho kitakachosema. Binti yako yeye aache leo.

Sasa unga. Umeuliza vipimo na nitakupa, ila kabla ya vipimo kuna mashine ya kusaga. Gluteni iko kwenye ngano, shayiri na rai. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, muhogo, dengu, ndizi na viazi vitamu havina. Mtu akisoma orodha hiyo anashusha pumzi, anakwenda sokoni, ananunua ulezi, anapeleka mashineni, na mtoto anaendelea kuharisha.

Hilo lilinikuta mimi. Mpwa wangu mwenye seliaki alikaa nasi hapa Arusha mwaka mzima. Ulezi wake nilikuwa naununua mwenyewe soko la Kilombero, napepeta, naosha, naanika, halafu nausagisha mashine ya mtaani. Tumbo halikutulia. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, nikasubiri ndani badala ya kuacha ndoo na kurudi baadaye. Mama aliyekuwa mbele yangu alimwaga lishe yake: mahindi, soya, karanga na ngano. Kijana wa mashine akagonga bomba la kutokea unga mara mbili kwa kiganja, vumbi likashuka, akamimina ulezi wangu. Unga wa ulezi una rangi ya udongo mwekundu uliopauka. Ule uliotangulia kushuka kwenye ndoo yangu ulikuwa mweupe, kisha ukawa wa kijivu, na rangi yake halisi ikaja baadaye kabisa. Nilisimama pale nikaelewa miezi yote ile.

Hesabu yake ni hii. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kiitwe hakina gluteni kikiwa na isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Unga wa ngano una gluteni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maana yake robo gramu ya unga wa ngano ikiingia kwenye kilo nzima ya ulezi wako, umeshavuka mpaka. Robo gramu ni pungufu ya ile inayobaki kwenye pindo la mfuko uliokung'utwa. Na mashine ileile iliyotoka kusaga karanga ni hatari kwa mdogo wake, pengine kubwa zaidi, kwa sababu mzio wa karanga unaweza kumbana pumzi ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa nina msimamo: nunua mashine ndogo ya umeme ya kusagia nafaka kavu, ile wanayotumia watu wa viungo, na isiguswe na ngano wala karanga hata siku moja. Ukiwa na wenzako wenye shida hiyo, changeni muimiliki pamoja. Kinu na mchi vipya vinafaa pia kwa mchele na muhogo. Wapo wanaokubaliana na mwenye mashine wasage wa kwanza alfajiri, baada ya mashine kufunguliwa, kupigwa brashi na kupitishwa kilo kadhaa za mahindi ya kuku. Hilo linapunguza mabaki lakini haliyamalizi, na kwa mtoto ambaye utumbo wake ndiyo kwanza unaanza kupona, mimi nisingetegemea.

Nunua nafaka nzima, usinunue unga wa kuchotwa kwenye magunia yaliyo wazi. Simama soko la Mbuyuni dakika tano uangalie kopo la muuzaji: linatoka kwenye ngano, linaingia kwenye ulezi, linarudi kwenye dengu. Hata nafaka nzima ichambue. Ngano na shayiri zinalimwa kwa wingi Siha na Monduli, na magunia yetu hutumika msimu baada ya msimu. Kwa ulezi kazi ni nyepesi: chukua chekeche la matundu madogo, ulezi utapita na punje ya ngano itabaki juu. Kwa mtama na mchele mwaga kwenye ungo kidogokidogo na uchague kwa macho, kisha osha. Ukichambua hivyo utatoa na punje zilizoota ukungu, jambo muhimu hasa kwa mahindi. Sumukuvu haionekani kwa macho mara zote, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Saga kidogo, cha wiki mbili, uweke mahali pakavu.

Tuje kwenye kuchanganya. Mkate wako umekuwa tofali kwa sababu gluteni ndiyo inayofanya donge la ngano livutike na kushika hewa ya hamira, kama wavu. Hakuna unga mmoja unaofanya kazi hiyo peke yake. Inabidi ugawe kazi: unga wa kutoa mwili na ladha, wanga wa kulainisha, na kitu cha kushikisha. Mtu akikosea, mara nyingi ameweka mwili mtupu au ameacha gundi.

Kwa mwili napenda mtama mweupe kuliko kitu chochote. Tafuta mbegu nyeupe kama Macia, achana na mtama mwekundu kwenye mkate, maana una ukakasi na uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Ulezi una ladha nzuri mno lakini ukizidi robo ya mchanganyiko mkate unakuwa mzito na unameguka. Unga wa mahindi nautumia kwa ugali na uji, kwenye mkate unakwaruza. Unga wa ndizi mbichi zilizomenywa, zikakatwa vipande vyembamba na kukauka kabisa juani, huleta unyevu na huuzuia mkate kukauka siku ya pili. Sehemu moja ya kumi inatosha, ikizidi mkate unakuwa na rangi ya majivu. Wewe uko Moshi, ndizi ziko mlangoni, usiache. Dengu nayo isipite sehemu moja ya kumi, harufu yake inatawala.

Mchele unastahili nikae nao kidogo, kwa sababu ndio unaoharibu kazi za watu. Unga wa mchele uliosagwa mkavu una chenga zinazosikika kwenye meno hata ukiupika vizuri. Fanya kama walivyofanya bibi zetu wa vitumbua. Nunua chenga za mchele, za Mabogini au Kahe, ni rahisi na hazina ubaya wowote kwa kazi hii. Loweka usiku kucha. Asubuhi chuja, tandaza kwenye kitambaa safi kivulini mpaka uzishike kiganjani zikiwa na ubaridi wa unyevu lakini haziachi maji. Zitwange sasa hivi, au zisage. Punje iliyolowa inavunjika kirahisi na kutoa unga laini kama poda. Chekecha, kinachobaki juu kirudi kinuni. Unga huo ni mbichi na utachacha, kwa hiyo uanike ukauke kabisa au uutumie siku hiyohiyo. Ukishausugua kati ya vidole viwili mara moja, hutataka tena ule mkavu.

Wanga wa muhogo usiuchanganye na unga wa makopa. Makopa ni muhogo mzima uliokaushwa, una nyuzi na harufu yake, na unafaa kwa ugali. Wanga ni ule weupe mtupu unaotulia chini ya maji. Chukua kilo tatu za muhogo mtamu mbichi, uliokatwa siku hiyo, kwaruza kwenye kikwaruzo, mwagia maji, kamua kwenye kitambaa. Maji yanatoka meupe kama tui. Yaache saa tano au sita, mwaga ya juu taratibu, utakuta chini tabaka gumu linalokatika kwa kijiko. Mwagia maji mengine, koroga, liache litulie tena, kisha lianike kwenye sinia. Utapata kama nusu kilo. Muhogo mchungu usiuguse kwa shughuli hii ya nyumbani, una sumu ya sianidi inayohitaji kuloweshwa na kukaushwa kwa siku nyingi. Kama huna muda, wanga wa mahindi wa dukani unafaa, ila soma pakiti.

Gundi yangu ni isabgoli, yale maganda mepesi ya mbegu ambayo maduka ya Wahindi huyauza kama dawa ya choo kigumu. Ikikutana na maji inageuka ute mzito unaovutika, na hiyo ndiyo inayoshika hewa. Chia iliyosagwa pia inasaidia, hasa kwenye keki. Kijiko kimoja cha chakula katika vijiko vitatu vya maji huchukua nafasi ya yai.

Mchanganyiko ninaoweka kwenye ndoo kwa kazi za kila siku, keki, pankeki, maandazi, ni gramu 400 za unga wa mchele, 300 za mtama mweupe na 300 za wanga wa muhogo. Pima kwa mizani, tafadhali. Unga wa mchele ni mzito, kikombe chake kinaweza kuzidi kile cha mtama kwa gramu 20 au 30, na ukipima kwa vikombe hutajua kwa nini jana ilikubali na leo imekataa.

Mkate unataka mwili zaidi: mtama 200, mchele 150, wanga 150. Kwa gramu hizo 500 weka isabgoli gramu 25, hamira gramu 7, chumvi 8, sukari 20, mafuta vijiko viwili, na maji ya uvuguvugu kama mililita 480. Koroga isabgoli na maji kwanza, subiri dakika tano mpaka iwe ute, ndipo uingize unga. Donge litakuwa laini kuliko ulivyozoea, karibu na ugali wa maji, na hapo ndipo wengi wanapoogopa na kuongeza unga. Usiongeze. Naamini tofali lako lilitokea hapo. Mtama na mchele hunywa maji polepole, dakika ishirini baadaye donge lilelile litakuwa limekaza lenyewe. Halihitaji kukandwa kwa nguvu, kwa kuwa hakuna gluteni ya kuamsha. Liweke kwenye kopo la mkate lililopakwa mafuta, liumuke mara moja tu mpaka likaribie ukingo, kisha oka kwa nyuzi 200 kama saa nzima. Kwa sufuria na mkaa, weka moto mwingi juu ya mfuniko kuliko chini. Ukitoka uache upoe kabisa kabla ya kisu. Ukikatwa wa moto ndani unakuwa kama gundi, hata kama umeiva.

Chapati ni maji yanayochemka. Unga wa mchele gramu 200 na chumvi, mwagia maji yaliyochemka kama mililita 280 kidogokidogo huku ukisonga kwa mwiko kama ugali. Funika dakika kumi. Kanda ndani yake wanga wa muhogo gramu 100 na kijiko cha mafuta. Sukuma kati ya nailoni mbili safi za vifungashio. Hazitakuwa na tabaka za chapati ya ngano, ila zinakunjika na kubeba maharage, na binti yako atakula chapati mezani na wenzake.

Hata hivyo, mwezi huu wa kwanza nisingeanza na mkate wala chapati. Nisingependa mtoto aliyetoka kunyimwa vyote ajifunze chakula chake kipya kwa vitu vinavyojaribu kufanana na vile vya zamani. Mpe vitu ambavyo havikuwahi kuhitaji ngano. Watu wa Pwani walishamaliza kazi hii zamani: vitumbua, mkate wa kumimina wa mchele na tui la nazi, bagia za kunde. Tui humfaa na baba. Angalizo ni kwa vitumbua vya kununua, maana wapo wanaotia konzi ya ngano vishikane. Nanyi mna vyakula vyenu vya ndizi: mtori, kiburu, machalari. Mtoto wa Moshi anaweza kula wiki nzima vizuri na asione pengo.

Pengo lililopo ni la virutubisho. Unga wa ngano wa viwanda vikubwa hapa nchini huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, na utumbo wa binti yako umekuwa haufyonzi vizuri. Ndiyo maana nasisitiza uji wa ulezi: gramu 100 zake zina kalsiamu kama miligramu 340, mchele hauifikii hata kidogo. Mpe na mboga za majani, maharage na dagaa. Ili uji uwe mzito wa chakula lakini mwepesi wa kumeza, otesha ulezi siku mbili tatu, uanike, usage, na utie kijiko cha kimea hicho kwenye uji mzito ukiwa vuguvugu. Utaona unalegea ukiangalia, kisha uurudishe jikoni uchemke tena. Ni kimea kilekile kinachoingia kwenye mbege, pombe ya ndizi, wazee wa kwenu wanakijua vizuri. Kimea cha shayiri ndicho kibaya, hivyo vinywaji vya kimea vya viwandani na bia havimfai.

Unga wa lishe wa tayari usinunue kabisa. Nyumba yako ina watoto wawili ambao mfuko mmoja unaweza kuwaumiza wote, kwa sababu ngano na karanga ndivyo vitu vinavyotiwa mara kwa mara. Tengeneza wako: sehemu tatu za ulezi na mchele, sehemu moja ya soya iliyochemshwa, ikaanikwa na kukaangwa. Soya mbichi humezwa bure, haimeng'enyeki vizuri. Ila soya nayo ni jamii ya kunde kama karanga, kwa hiyo kwa yule mdogo muulize daktari wake kwanza. Wengi wenye mzio wa karanga huila bila shida, lakini usijaribu peke yako nyumbani.

Maneno ya pakiti nayo yanapotosha. Suji, atta, tambi na spageti vyote ni ngano. Neno shayiri linaandikwa mara kwa shayiri yenyewe, mara kwa oti. Oti haina gluteni ya ngano lakini huchafuliwa shambani na kiwandani, iache mwaka wa kwanza. Mvuje wa unga huchanganywa na unga wa ngano mara nyingi. Soseji, sosi ya soya na viungo vya mchuzi vya pakiti, soma kila mara.

Jikoni mnunulie mwiko wake, chekeche lake, kibao na kisukumio chake. Mbao na matundu ya chekeche havisafishiki vya kutosha. Mafuta yaliyokaanga maandazi ya ngano yasikaange bagia zake. Kama wengine watatoka safi kwenye vipimo, wanaweza kuendelea kula mkate wa dukani, lakini siku za kukanda unga wa ngano nyumbani ziishe, vumbi lake linaelea na kutua kila mahali.

Umetaja mwishoni mwa barua yako kwamba anaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Zungumza na paroko mapema. Vatikani ilirudia mwaka 2017 kwamba hostia, ule mkate wa ngano wa Komunyo, isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na mtu anaweza pia kupokea divai peke yake. Kama ni divai, iwe kikombe ambacho hakijatiwa kipande cha hostia. Mweleze binti yako mwenyewe mpango huo, asije akaona aibu mbele ya wenzake siku hiyo.

Baada ya miezi sita mrudishe akapimwe damu tena. Kingamwili zikiwa zimeshuka, jiko lako linafanya kazi. Zikiwa palepale, anza kutafuta kwenye mashine na kwenye mafuta ya kukaangia. Na mkate ukizama katikati, niandikie gramu za maji na isabgoli ulizotumia, nitakuambia pa kurekebisha.